Kuendesha sleji ya mbwa wanne kwa mara ya kwanza: breki, kona na kamba

MgeniWaBaridi:

Wakuu, habari za muda huu. Kuna safari ya siku nne ya sleji za mbwa kaskazini mwa Norway, mwezi Machi. Kila mgeni anakabidhiwa sleji na mbwa wanne aendeshe mwenyewe, kiongozi anatangulia na timu kubwa. Mafunzo ni nusu saa asubuhi ya kuondoka, basi.

Kwenye video mtu anaonekana kasimama tu kule nyuma kama abiria aliyekosa kiti. Siamini kama kazi ni hiyo tu. Nauliza wanaoijua:

1. Sleji haina usukani. Kona inakatwaje?
2. Nasikia kuna breki mbili halafu na nanga. Ipi ya nini?
3. Mbwa gani anafungwa kwanza, na nani anakaa mbele?
4. Mtu asiyewazoea mbwa hao atajuaje kwamba mmoja ana shida?

Majibu ya aina ya "usiogope, utafurahia" nayashukuru mapema, ila hayanisaidii.

---

KambaImara:

Anza na kamba, mkuu. Ukishaielewa kamba, nusu ya maswali yako yamejijibu.

Sleji inatoa kamba kuu moja inayopita katikati ya mbwa waliopangwa wawili wawili. Kila mbwa ana kamba mbili zinazomuunganisha na hiyo kuu. Ya kuvuta ina urefu wa mita moja na kitu, inaanzia nyuma ya mikanda yake, pale penye shina la mkia. Ya shingo ni fupi, kama sentimita 30, inatoka kwenye ukosi. Ya shingo haivuti kitu. Ipo ili mbwa asitoke nje ya mstari. Ukiona ya shingo ndiyo imekaza na ya kuvuta imelegea, ujue mbwa huyo haendi, anaburutwa na wenzake. Hapo unasimamisha mara moja. Swali lako la nne nusu yake ni hilo.

Kazi ya mwendeshaji, tangu mnaondoka hadi mnafika, ni kuhakikisha kamba kuu hailegei. Ikilegea kidogo tu, mbwa anavusha mguu upande wa pili. Timu ikivuta tena, kamba inakaza ikiwa imezunguka paja. Na sleji yenyewe inawagonga visigino mbwa wa nyuma. Mbwa aliyegongwa mara moja huanza kukimbia huku akigeuka kutazama nyuma, na hapo umempoteza kwa siku nzima. Kwa hiyo kwenye mteremko mguu unakuwa kwenye mkeka tangu juu kabisa, kabla sleji haijashika kasi. Anayesubiri aone kasi imezidi ndipo akanyage, kachelewa.

Breki sasa. Mkeka ni kipande cha mpira mzito, mara nyingi kilichokatwa kwenye mkanda wa pikipiki ya theluji, kinaburuzika kati ya reli mbili unazosimamia. Huo unapunguza mwendo tu, na utaukanyaga kuliko kitu kingine chochote. Breki ya meno ni chuma chenye kucha mbili: ukiipanda kwa miguu yote miwili, kucha zinachimba na timu inasimama. Inasimama maadamu uzito wako uko juu yake. Ukiinua mguu ili upige picha, mmeshaondoka. Nanga ni ya kuizuia sleji ikishasimama. Ukiitupa huku mnakwenda, haishiki. Inadunda na kukurudia wewe.

Kupanga mbwa: mkiwa na wanne, wawili ni viongozi na wawili ni wa nyuma, karibu na sleji. Kiongozi hachaguliwi kwa ukubwa. Anayefaa ni yule anayesikia amri na anayekaza kamba hata pale ambapo hana wa kumfuata mbele yake. Togo, mbwa aliyeongoza timu ya mwendeshaji Leonhard Seppala katika kupeleka dawa ya dondakoo Nome, Alaska, mwaka 1925, alikuwa na kilo kama 22 tu, na umri wa miaka 12. Nyuma ndiko wanakowekwa wenye mwili mzito kidogo na wasioshtushwa na mlio wa reli, maana mishtuko yote ya sleji inawafikia wao kwanza.

Kufunga: sleji kwanza ifungwe kwenye mti au nguzo kwa kamba yenye kifyatuo, na nanga ikanyagwe juu yake. Unyooshe kamba kuu chini. Wafungwe viongozi, kwa sababu wao ndio wanaoishikilia ikiwa imenyooka, halafu unarudi nyuma. Yule anayepiga kelele na kurukaruka kuliko wote awe wa mwisho, la sivyo atakuwa ametafuna kamba kabla hujamaliza. Ukimtoa mbwa kwenye mnyororo wake, mnyanyue kwa ukosi mpaka miguu ya mbele iwe hewani, aende kwa miwili ya nyuma. Mbwa wa kilo 25 mwenye miguu yote minne chini anamwangusha mtu mzima kwenye barafu bila jasho.

Kufungua ni kinyume: kamba za kuvuta za mbwa wote kwanza, za shingo baadaye. Ya kuvuta ikitoka, injini imezimwa.

---

NangaMbili:

Mwenzangu kairuka kona, nami naona ndipo wageni wengi wanapoangukia.

Kona ina mambo mawili yanayopingana. Viongozi wakishageuka, kamba inataka kuivuta sleji kwa njia ya mkato, upande wa ndani, na upande wa ndani mara nyingi ndipo ulipo mti. Hiyo ni kwa mwendo wa pole: weka uzito kwenye reli ya nje na usukume mpini kuelekea nje, sleji ifuate njia walimopita mbwa. Kwa mwendo wa kasi kisa kinageuka: sleji inatupwa nje na reli ya ndani inaanza kuinuka. Hapo uzito wote uende reli ya ndani, magoti yakunjwe, nyonga ziwe chini na ndani ya kona. Asiyejua bado kutofautisha afanye hivi: apunguze kwa mkeka kabla ya kona, auachie akishaingia, mbwa waivute kamba ikiwa imekaza hadi watoke. Kufunga breki ya meno katikati ya kona huifanya sleji izunguke kwa mkia.

Njia ikipita ubavuni mwa kilima, simamia reli ya upande wa juu. Zote mbili za miguu yako ziwe huko ikibidi.

Nanga nayo ina adabu zake. Ncha zielekee mbele, waliko mbwa, uikanyage kwa uzito wako wote, kisha ulegeze breki polepole ili timu iivute sentimita chache hadi ing'ate. Ukiona inachanika na kuacha mfereji, haijashika. Theluji laini ikanyage kwanza iwe ngumu. Kwenye barafu tupu nanga ni mapambo. Tafuta mti, au ilaze sleji ubavu. Wakati wa kuondoka unapanda breki kwanza, ndipo unaing'oa nanga kwa mpini wake, na inarudi kwenye mfuko wake hapo hapo. Nanga inayoning'inia ikidunda ni kucha mbili za chuma zinazotafuta goti lako.

Na kamba yoyote isizungushwe mkononi. Hata kwa sekunde.

---

MgeniWaBaridi:

Asanteni sana wakuu, hii sasa ndiyo lugha niliyoitaka. Kuna moja linanichanganya: sleji ikipinduka. Kuna wanaosema usiachie kamwe, kuna wanaosema achia usije ukavunjika. Nishike lipi?

---

KambaImara:

Usiachie. Sababu si ushujaa, ni hesabu ya uzito. Sleji iliyolala ubavu huku mtu anaburutwa nyuma yake ni breki nzuri kuliko zote ulizonazo. Mbwa wanne kwa kawaida wanachoka nayo haraka. Sleji iliyoachwa ni nyepesi, wanaongeza mwendo, na mteremko wa kwanza wanagongwa na kitu kisicho na breki, huku nanga imetoka mfukoni inarukaruka. Mwisho wa yote wanaikuta timu iliyo mbele na kuivamia, kamba nane zinakuwa fundo moja. Isipokuwa tu pale unapoona kabisa unaburutwa kuelekea mwamba au mti, hapo maisha yako kwanza.

Mpangilio ukishaanguka: mkono mmoja haubanduki kwenye mpini. Toa amri ya kusimama kwa sauti nzito na ndefu. Sauti kali ya juu mbwa huisikia kama shangwe. Mwendo ukipungua, fikia nanga uipigilie chini ukiwa bado umelala. Baada ya hapo tu ndipo unapoinuka, unaisimamisha sleji, unapanda breki, unang'oa nanga.

Kosa la kila mara ni kuisimamisha sleji kabla ya nanga. Ikishakaa tu kwenye reli zake mbwa wanahisi mzigo umepungua, na wanaondoka bila wewe.

Ikikuponyoka, mpigie kelele kiongozi aliye mbele. Yeye ndiye wa kuikamata, si wewe kwa mbio zako.

---

Unyayo:

Sleji mmeimaliza, mbwa mmewaacha. Niseme la Machi kwanza, maana ndilo watu wanalikosea: tatizo kubwa la mbwa mwezi huo linaweza kuwa joto, si baridi. Wanafanya kazi kwa raha kati ya nyuzi 10 na 25 chini ya sifuri. Mchana wa Machi jua limeshapata nguvu, na siku nyingine kipimo kinakaribia sifuri kabisa. Mbwa hatoi jasho la kumsaidia. Anapoa kwa kuhema. Joto la mwili wake la kawaida ni nyuzi 38 na kitu, akivuta linapanda kupita 40. Dalili zinakuja kwa mfuatano: anaanza kuchota theluji kwa mdomo mara kwa mara, ulimi unapanuka na kukunjika ncha, kamba yake ya kuvuta inalegea, mwishowe miguu ya nyuma inayumba. Usingoje hiyo ya mwisho. Simama, mtoe kwenye kamba ya kuvuta, mlaze kivulini, msugue theluji tumboni na kwenye mapaja kwa ndani pasipo na manyoya mengi, mpe maji kidogo kidogo. Akishindwa kurudi kazini anapanda kwenye mfuko wa sleji, amefungwa asiruke. Safari za wageni zinaanza asubuhi mapema kwa sababu hiyo, mtu asinune.

Mikanda. Ya umbo la X mgongoni ndiyo utakayoikuta mara nyingi. Tundu la shingo liwe jembamba kiasi kwamba kichwa kinapita kwa kusukuma. Likiwa pana, mkanda unashuka na kukaa mbele ya bega, mbwa anavuta kwa bega badala ya kifua. Likibana sana linamkaba koo na utasikia anakorota. Mwisho wa mikanda ufike penye shina la mkia, kamba ikiwa imekazwa. Mifupi inamkandamiza nyonga kwa chini, na atakimbia kakunja mgongo. Pitisha vidole viwili kwapani: pakiwa pekundu au nywele zimekatika, mwambie kiongozi leo, kesho patakuwa kidonda.

Nyayo zikaguliwe kila kituo. Panua vidole kimoja kimoja, angalia utando wa katikati, ndipo panapochanika. Theluji inayokaribia kuyeyuka hutengeneza vidonge vya barafu kati ya vidole. Vitoe kwa joto la mkono, usivivute, vinaondoka na nywele. Ukoko wa asubuhi baada ya usiku wa baridi ni kama msasa, na hapo ndipo viatu vya kitambaa vinavyohitajika. Mkanda wake unafungwa penye sehemu nyembamba juu ya unyayo, uweze kuuzungusha kidogo kwa vidole. Ukikaza sana mguu unavimba, ukilegeza sana kiatu kinaruka baada ya mita mia. Mkisimama kulala, vyote vinavuliwa: kiatu chenye unyevu kikiganda kinazuia damu. Uone jinsi jambo hili linavyochukuliwa: mashindano ya Iditarod, yale ya sleji za mbwa huko Alaska, yanamlazimu kila mwendeshaji kuwa na viatu 8 kwa kila mbwa, pamoja na jiko na chungu cha kuchemshia maji yapata lita 11 kwa mkupuo.

Chungu hicho kinaeleza jambo lingine: maji. Mbwa akila theluji tu hapati ya kutosha, na anatumia joto lake kuiyeyusha. Kwa hiyo theluji inayeyushwa jikoni, inatiwa vipande vya nyama au samaki ili anywe kwa tamaa, na anapewa vuguvugu kama saa mbili kabla ya kuondoka. Mlo mzito hautolewi karibu na safari. Mkisimama njiani ni kipande cha samaki au mafuta, jioni ndiyo bakuli kamili. Mbwa wa mashindano marefu hutumia kilokalori 10,000 na zaidi kwa siku. Wa kwenu hawatafika huko, ila mafuta bado ndiyo petroli yao, si wanga.

Kupima maji mwilini: vuta ngozi ya juu ya bega, iachie. Irudi papo hapo. Ikisimama kama hema, au ufizi ukiwa mkavu na unaonata, huyo amepungukiwa.

---

BiSafu:

Ndugu Unyayo kasema vyema, ila kwenye hizo saa mbili za maji niongeze kwamba timu ikiwa na haraka ya kuondoka bado mbwa wengi watajisaidia njiani wakikimbia. Kilomita mbili za mwanzo shika mkeka kidogo. Wanatoka kwa wazimu, misuli bado baridi, na ndipo mabega yanapoumia.

Kuhusu amri, hakuna aliyegusia. Zilizoenea ni za Kiingereza hata nje ya Marekani: "gee" ni kulia, hutamkwa jii, na "haw" ni kushoto, hutamkwa hoo. Lile neno la "mush" linalosikika kwenye sinema halitumiki sana na wenye mbwa. Kituo chenu kinaweza kuwa na maneno yake, kwa hiyo uliza mbwa wako wanayajua yapi kabla hujaondoka. Sema mara moja, kabla ya njia panda na si juu yake, viongozi wapate nafasi ya kugeuka. Ukirudiarudia jina na amri kila dakika, kwao unakuwa redio ya jirani.

Jambo moja la kutofautiana na KambaImara: si kila mahali mbwa wanafungwa wawili wawili. Greenland wanatumia mtindo wa upepeo, kila mbwa na kamba yake ndefu moja kwa moja hadi kwenye sleji. Hakuna miti ya kukwepa, na kwenye barafu ya bahari uzito unatawanyika. Pakiwa na ufa, hawaingii wote pamoja. Taabu yake ni kwamba mbwa wanabadilishana nafasi na kamba zinasukana kama nywele, inabidi kusimama kuzifumua. Kwenye misitu na njia nyembamba mtindo huo haufai hata kidogo. Finnmark, huko kaskazini mwa Norway, utakutana na wa jozi, kama wanaoonekana kwenye Finnmarksløpet, mashindano yanayoanzia Alta hiyo hiyo Machi.

Kupanda mlima usisimame. Mguu mmoja kwenye reli, mwingine unasukuma chini, au shuka ukimbie umeshika mpini. Mbwa wanageuza shingo kutazama kama umo. Wakiona unasukuma, wanakaza. Ukitulia tu, wanne wachanga wanaweza kulala chini katikati ya mlima, na hakuna breki ya kurekebisha hilo.

---

MgeniWaBaridi:

Nimecheka hapo pa redio. La mwisho jamani: mkononi na mwilini nibebe nini, mbali na nguo za kawaida za baridi?

---

NangaMbili:

Utakuwa unasukuma mlimani dakika kumi unatoka jasho, halafu unasimama umetulia saa nzima upepo unakupiga. Kwa hiyo tabaka zinazofunguka, sufu mwilini, pamba isikukaribie kabisa: ikilowa haikauki. Juu kabisa kitu kisichopitisha upepo. Glavu ziwe mbili: nyembamba za kufungia vifungo, na mifuko mikubwa ya mikono yenye kamba shingoni, maana ukiivua na kuiweka juu ya sleji, upepo utakuwa umeichukua kabla hujageuka. Miwani ya jua ni lazima. Viatu vinunuliwe vikubwa kidogo. Soksi ya pili ndani ya kiatu kinachobana inaleta baridi, haifukuzi.

Vifungo vya chuma vya kamba huganda. Ukikuta hakifunguki, kishike ndani ya kiganja chenye glavu nyembamba mpaka barafu ilegee. Usikipulizie: unyevu wa pumzi unaganda humo humo, na mdomo ukigusa chuma kwa nyuzi 20 chini ya sifuri unanata.

Kifaa kimoja ninachoona kinasahaulika: cha kukatia kamba. Mbwa akikabwa kwenye fundo una sekunde chache. Kisu kinatosha kwa kamba ya kawaida, lakini kamba kuu nyingi zina waya wa chuma ndani ili mbwa wasizitafune, na kisu hakiupiti. Muulize kiongozi kamba yenu ni ya aina gani. Ikiwa ya waya, omba koleo la kukatia waya, na lifungwe kwenye mpini wa sleji, si ndani ya begi.